Kadi Iliyokwenda Walikale

Chumba cha jibini cha Koko kilinuka maziwa yaliyochacha, chumvi na mbao mbichi, na harufu hiyo ilishika nguo zetu hata tulipokwenda misa. Kilikuwa nyuma ya nyumba yetu pale Karuba, upande usiopata jua. Ubaridi wake ndio uliotulisha, kwa sababu jibini ikipata joto huvimba na kupasuka, na kazi ya wiki nzima inakwenda kwa nguruwe. Koko, mama yake Mama, aliupima ubaridi huo kwa shavu: aliliegemeza kwenye jibini, akafumba macho, kisha akaamua kama dirisha lifunguliwe au lifungwe. Nilikuwa msichana wa miaka kumi hivi, na nilidhani bibi wote duniani huamka na kulaza shavu juu ya jibini.

Mwaka huo dada yangu Riziki alirudi kutoka shule ya ufundi ya Goma na kompyuta isiyofanana na kompyuta: kibao cha kijani cha ukubwa wa kiganja, uchi, bila kioo wala kifuniko, chenye safu za pini pembeni. Ili apate diploma yake alitakiwa kuwaonyesha wakaguzi mashine inayofanya kazi, naye alichagua jibini. Kibao kingepima joto la chumba, na joto likizidi, kengele ingelia. Hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyewahi kufika mbali hivyo katika masomo, na Mama alikwisha kuanza kumwita “injeniya wangu” mbele ya watu kanisani, jambo lililotuaibisha sote.

Msimu mzima wa mvua tulihangaika na kibao kile. Umeme ulitoka kwenye paneli ya jua na betri, na jua lenyewe lilikuja lilipotaka. Skrini ilikuwa televisheni ya dukani kwa Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka Butembo, aliyeturuhusu kuitumia wakati hakuna mpira. Tulichomeka kibodi, tukasubiri. Taa nyekundu ilimaanisha umeme umeingia tu. Taa ya kijani ilipopepesa ndipo tulipojua kwamba kibao kinasoma kadi, ile kadi ndogo kama ukucha ambamo Dada aliandika kila alichokitaka kifanye, ikiwemo kuanza kazi chenyewe kikipata umeme. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba, kwa hiyo nyaya za kipimajoto na za kengele zilikuwa kazi yangu: Dada alihesabu pini kwa sauti, mimi nikachomeka. Tukikosea pini moja, kimya. Tulikosea mpaka tukachokana. Siku kengele ilipolia mara ya kwanza, Dada alikuwa amebana kipimajoto kwapani, na tulicheka mpaka Koko akaja. Aliweka shavu kwenye jibini, akakitazama kibao kwa muda.

“Iko na akili,” alisema. “Ila haiko na shavu.”

Mtihani ulipokaribia, risasi zilisikika asubuhi moja kutoka upande wa Bihambwe. Kwetu kukimbia kuna utaratibu wake. Kitu cha maana hakibebwi na mtu mmoja: simu hubebwa na huyu, betri na yule, laini hufungwa kwenye pembe ya kitenge cha mwingine, ili anayenyang'anywa njiani asipoteze vyote. Na kipande ulichokabidhiwa humpi mtu ila wa nyumbani, mkono kwa mkono. Mama alikifungua kibao vipande vipande kwa utaratibu huohuo, bila kumwuliza mwenyewe.

“Kila muntu na kipande yake,” alisema, kisha akamkabidhi Koko kadi. “Mama, memori njo hii. Usimupe muntu.”

Dada alibeba kibao, mimi nyaya, kipimajoto na kengele, na Koko akaifunga kadi kwenye kitenge chake. Njiani watu walikuwa wengi, kelele zikazuka mbele yetu, msafara ukakatika. Sisi tuliteremka Sake na kuishia Goma. Koko alisukumwa na waliokimbilia magharibi, na hatimaye akafika Walikale kwa ndugu zake.

Papa Kambale alimkuta huko katika safari zake za biashara, akajitolea kutuletea kadi. Alifika kwetu mikono mitupu.

“Koko yenu amekatala,” alisema. “Anasema mimi siko muntu wa nyumba.”

Dada alikwenda mtihanini na kadi tupu ya kuazima, bila skrini wala muda wa kuandika yote upya. Taa nyekundu iliwaka, ya kijani haikuwaka, wakaguzi wakatazama saa zao. Aliporudi hakulia, aliuliza tu kama kuna maji ya kuoga. Nilimchukia Koko, na nilimchukia kwa muda mrefu. Mama alimchotea Dada maji mwenyewe, maana amri ilikuwa yake.

Siku hizi mimi natengeneza simu hapa Goma, na kibao kama kile nakiandaa kabla chai haijapoa. Intaneti ipo, skrini ninayo, hakuna anayenifukuza kwa ajili ya mpira. Lakini furaha ile ya kengele sijaipata tena, na sina nguvu ya kuitafuta. Dada anauza viazi sokoni. Tunaishi wote kwenye chumba cha mbao na mabati, na humo ndimo Koko alimoletwa mwaka huu kutoka Walikale, mzee, miguu imevimba. Kabla hata ya kunywa maji alifungua pembe ya kitenge, akatoa kifuko cha nailoni.

“Riziki, memori yako njo hii. Egzame iko lini?” aliuliza, kana kwamba mtihani bado uko mbele.

Nilitoa kibao na nyaya nilizozitunza, nikachomeka, nikaingiza kadi. Taa ya kijani ilipepesa. Kengele ikalia papo hapo, ikaendelea kulia.

“Inalia nini?” Koko aliuliza.

“Inasema kuko joto, Koko,” Dada alisema, bila kuacha kumenya viazi. “Kushinda kwetu Karuba.”

Nilinyoosha mkono nichomoe waya. Koko alinishika. Aliegemeza shavu kwenye mbao za ukuta, akafumba macho.

“Uiache,” alisema. “Haidanganyi.”