Neno la Gina Kwenye Kamba

Homa! Nyoo! Mjukuu wangu hakuwa na homa siku ile, na karatasi iliyosema ana homa niliiandika mimi, kwa mkono huu huu unaodeki korido za shule. Nasema mapema, mtu asije akanisifu.

Ninayetaka mumjue ni Mwalimu Velichka. Alikuwa akifundisha Kirusi, mpaka mwaka mmoja wakubwa wakasema Kirusi basi, sasa Kiingereza. Akajifunza ukubwani, jioni baada ya kazi, watoto wakiwa ukurasa wa kumi yeye yuko wa kumi na moja. Wenzake walijifanya wamezaliwa nacho. Yeye aliwaambia watoto, "Hapa hata mimi nilikwama. Haya, tukwame wote."

Kwenye darasa la pili alifunga kamba ya kuanikia nguo ya marehemu mama yake, ukuta hadi ukuta. Kila mtoto alipewa neno moja kwenye kadi na kibanio chake, neno la mwaka mzima. Wakitaka sentensi, wenye maneno wanainuka wanaanika. Wakitaka swali, wawili wanabadilishana nafasi. Sarufi yote waliijua kwa miguu, bila kukariri kanuni hata moja. Na neno la mwenzako huligusi. Mwenyewe asipokuwepo, pengo linabaki mpaka arudi, ndiyo maana darasa lile halikuwa na watoro. Walifuatana wenyewe majumbani.

Gina ni mjukuu wangu, tumepeana jina: mimi Gergina, yeye Gergina. Ana kigugumizi. Ukimuuliza jina lake, unaweza kumaliza kahawa hajalitoa. Mwalimu Velichka alimpa neno 'is', herufi mbili tu, lakini linalotakiwa kila saa. Kwa hiyo mtoto ambaye walimu wengine walimruka kama dimbwi, kwa Velichka ndiye aliyekuwa akiinuka kuliko wote. Hilo halikuwa bahati. Alilipanga.

Basi likaja somo la kuonyeshwa. Mkaguzi anatoka mkoani, na alama atakazoandika ndizo cheo cha mwalimu. Mkuu wa shule yetu, Bibi Kamburova, akalifanyisha darasa mazoezi wiki nzima: wote mnyooshe mikono, anayejua wa kulia, asiyejua wa kushoto. Kisha akamwita Velichka koridoni, mimi nadeki pale pale. Mfanya usafi ni kama ukuta, hakuna anayemwona.

"Velichka, dada yangu, yule wa kigugumizi Alhamisi anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Chagua wewe. Tumbo, mafua, sijui."

"Basi na mimi nitaumwa."

"Umebakiza miaka miwili ustaafu! Acha ukaidi."

"Gina yuko darasani kwangu. Kama humtaki, mwambie mwenyewe."

Hakumwambia. Akanifuata mimi kwenye stoo ya mifagio, anatabasamu. "Shangazi Gergina, hivi mkataba wako unaisha lini?"

"Mwezi wa sita."

"Eeh. Na Gina namwona macho mekundu. Si apumzike Alhamisi?"

Ndoo ya maji machafu ilikuwa mkononi mwangu. Ningemmwagia! Badala yake nikasema, "Nimeelewa, Bibi." Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii kilikuwa mimi.

Alhamisi mkaguzi akaja, kijana wa viatu vizuri. Mimi nimesimama mlangoni na dekio langu, sina kazi pale, ila miguu ilikataa kuondoka. Velichka akaona kiti kitupu. Akanitazama, kisha akaanza. Leo paka ana njaa, akasema, anikeni! Watoto wakainuka, wakaanika paka, wakaanika njaa, na katikati, mahali pa 'is', pengo.

Kamburova akamnong'oneza Plamen, bingwa wa darasa, "Anika wewe."

"Si langu."

"Anika, nasema!"

"La Gina hilo! Anakuja."

Mkaguzi akainua kichwa. "Gina yuko wapi?"

"Anaumwa, bibi yake yule pale kaandika," akasema Rositsa, jirani yetu. "Lakini asubuhi nimemwona dirishani anakula banitsa ya jibini, kipande kikubwa hivi."

Darasa likacheka. Mkaguzi akanigeukia. "Wewe ndiye bibi yake? Mtoto anaumwa kweli?"

Kamburova alinikodolea macho. Velichka alinitazama tu, hakunibembeleza wala hakunitisha. Neno moja la kweli lilitosha, na mimi, mwanamke mzima niliyezika mume na kulea watoto watatu, nikasema, "Ana homa."

"Basi tunamsubiri," Velichka akawaambia watoto. Na kila sentensi iliyoanikwa mpaka kengele ilianikwa na pengo lake. Kamburova alikuwa mwekundu kama pilipili ya kuchoma. Mkaguzi akaandika kwamba mwalimu hakukamilisha sentensi hata moja, na cheo kikashushwa. Miaka thelathini ya kazi, pyuu! Akitoka, Velichka akapita mbele yangu akasema, "Pole na mgonjwa, shangazi." Hakuwa akinikejeli. Laiti angenitukana.

Nyumbani Gina alinidaka mlangoni. "N-n-nani kaanika neno langu?"

"Hakuna."

"Hata P-Plamen?"

"Hata Plamen. Kakataa mbele ya mkaguzi."

Alicheka akaruka kitandani. "Wa-wamenisubiri!" Kisha akatulia. "Bibi, ke-kesho bado nina homa?"

Asubuhi nilimshika mkono, nikapita naye mlango wa mbele, nikasimama nje ya ofisi ya Kamburova nikapaza sauti korido nzima isikie: "Mjukuu wangu hakuumwa! Huyu ndiye aliyetaka aumwe, na mimi mwoga ndiye niliyeandika! Mwambieni na mkaguzi!" Akatoka anahema, "Shangazi, umerukwa na akili?" Nikamwambia akili ndiyo kwanza zimerudi. Mwezi wa sita mkataba wangu haukuongezwa, na mkaguzi hakubadilisha hata nukta.

Lakini asubuhi ile, darasani, Velichka alikuwa hajaigusa kamba. Paka wa jana alikuwa pale pale, na njaa yake, na nafasi katikati. Gina hakuvua hata koti. Alikwenda moja kwa moja akaanika.