Mboga za Mama Saa

Mtaani walimwita Mama Saa, ingawa hakuwahi kuuza saa hata siku moja. Alikuwa fundi wa masofa, mwanamke wa makamo mwenye mikono migumu na ulimi mwepesi. Ndani ya kifua chake mlikuwa na mlango mdogo wa chuma wa kupitishia damu, ambao madaktari walimwekea moyoni baada ya ule wa kuzaliwa nao kuharibika. Karakana ikitulia, mteja aliyekaa karibu aliusikia: tik, tik, tik. Wengine waligeuka kutazama ukutani.

"Usihangaike," aliwaambia huku amebana pini midomoni. "Hiyo saa ni mimi."

Chuma hicho kilikuwa na masharti yake. Damu ikipita penye kitu kigeni huelekea kuganda, kwa hiyo kila jioni Mama Saa alimeza dawa ya kuizuia, na mara kwa mara alikwenda kliniki kupimwa. Mambo yalikwenda sawa mpaka wifi yake, dada wa mumewe, alipohamia kwao.

Wifi huyo alikuwa na huruma nyingi na subira kidogo. Alimwona Mama Saa akihema kwenye ngazi, akatikisa kichwa. "Wifi yangu, wewe huna damu. Umekauka kama ukuni."

Akanunua mkebe wa unga wa majani ya kijani, ule wa kuongeza nguvu, akawa anamkorogea glasi asubuhi na nyingine jioni. Mama Saa aliunywa shingo upande, maana ulikuwa na ladha ya nyasi, lakini angemkatalia vipi mtu aliyeamka mapema kwa ajili yake? Kliniki hakusema kitu. Kwake majani yalikuwa chakula tu.

Asubuhi moja alikuwa anakata kitambaa cha kiti, mkasi ukamponyoka. Akainama kuuokota, vidole vikagoma. Akajaribu kumwita mumewe, seremala aliyekuwa chumba cha pili akimtengenezea fremu, sauti ikatoka kama ya mlevi. Mume aliweka randa chini, akamtazama usoni mara moja tu, akambeba kumpeleka hospitali bila hata kuvua aproni.

Donge dogo la damu lilikuwa limekwama kwenye ubongo. Daktari alipouliza kama kuna kitu kipya anachotumia, wifi ndiye aliyekimbia nyumbani kuuleta mkebe. Daktari akausoma ubavuni.

"Humu mna vitamini K nyingi," alisema. "Ndiyo ambayo mwili huitumia kugandisha damu, mtu akijikata asivuje mpaka damu imwishie. Dawa yako inavuta huku, huu unga unavuta kule. Safari hii unga umeshinda."

Wifi alijifunika uso kwa viganja.

Ulimi ulirudi baada ya siku chache. Mkono wa kulia ulibaki mzito, haukuweza hata kufunga kifungo cha blauzi. Na Mama Saa, aliyekuwa mbishi tangu utotoni, akatangaza vita. "Jani lolote lisivuke mlango huu. Sitaki mchicha, sitaki kabichi. Nimemaliza."

Mumewe akala wali na maharage pamoja naye.

Haukupita muda mrefu, akipiga mswaki mate yakawa mekundu. Alama za bluu zikamtokea mapajani bila kugongwa na kitu. Safari hii hakusubiri kubebwa. Alikwenda kliniki kwa miguu yake, akamweleza muuguzi kila kitu, pamoja na vile vita vyake.

Muuguzi alipopima damu alikunja uso. "Sasa imekuwa nyepesi mno. Mama, vitamini hii mwili hauiwekei akiba kubwa. Ukiacha kuila kabisa, dawa inabaki inavuta peke yake."

"Kumbe nimegombana na mchicha bure?"

"Bure kabisa. Kula mboga, ila kiasi kilekile kila siku. Dawa tutaipanga sisi kulingana na chakula chako. Lakini unga na vidonge vya kuongeza nguvu usiguse kabla hujatuuliza."

Wakampunguzia dawa. Alirudi nyumbani akamkuta wifi anafunga begi.

"Unakwenda wapi?"

"Nitakuua, wifi. Mara ya kwanza Mungu amekusaidia."

Mama Saa akakaa juu ya begi, nguo zikiwa bado zimechungulia pembeni. "Ulinipa kwa mapenzi, na mimi nikanywa bila kuuliza. Makosa tumegawana. Sasa nahitaji bakuli moja la mboga kila mchana, lisipungue wala lisizidi, na mkono huu haushiki kisu. Ukiondoka, nani atanikatia?"

Wifi alilia kidogo, kisha akauliza bakuli lipi. Wakachagua moja la bati, wakakubaliana hapo hapo. Hata walipoalikwa kwa watu, wifi alilibeba kwenye mkoba, na watu wakacheka wakachoka.

Kuhusu mkono, Mama Saa hakumbembeleza mtu. Alichukua vipande vya sponji vilivyobaki karakana, akawa anavifinya akiongea, akisubiri chai, akiwa foleni ya kliniki. Alianza na sponji laini, akahamia ile ngumu ya makalio ya viti. Vidole vilikuwa vinauma, naye alivitukana na kuendelea.

Vipimo vikatulia, kliniki wakaanza kumpa tarehe za mbali. Ndipo akapokea kazi ya sofa lenye mgongo wa vifungo, kazi ambayo kila uzi huvutwa kwa nguvu mpaka kitambaa kizame. Mumewe alijitolea kuvuta.

"Wewe shika fremu isitembee," Mama Saa alimwambia.

Akauzungusha uzi kiganjani, akakanyaga mguu wa sofa, akavuta. Kifungo cha kwanza kilizama nusu. Akapumua, akavuta tena, kikafika chini.

"Wifi," aliita bila kugeuka, "niletee sindano ile ndefu. Vimebaki vingi."