Amisa Anaonja Kompyuta

Mimi ndiye nilimufundisha Amisa, mujukuu wangu, kununua mawese. Unachovya kidole, unalamba, halafu ndiyo unauliza bei. Sikujua kama siku moja ataonja kompyuta.

Amisa ana kibanda cha kuchapa barua hapa Kasongo, karibu na musikiti. Kompyuta yake ya kwanza aliichagua kwa macho, maana ilikuwa inang'aa. Akaiwekea Linux, mufumo wa kuendesha kompyuta aliojifunza mwenyewe na ambao hawezi kuuacha. Basi Linux ikakataa kabisa kuitambua kadi ya mutandao iliyokuwa ndani. Barua alichapa, kuzituma hakuweza. Watu wakaanza kupita kibanda bila kuingia. Halafu mashine yenyewe ikafa.

"Bibi, nikikosea tena, nafunga kibanda, narudi kulima kijijini Wamaza," akaniambia.

Tukaenda kwa Faradji, muuzaji wa kompyuta zilizotumika. Amisa amebeba emprimante yake kichwani, ile ya kutoa karatasi. Shingoni amevaa flashi, na Linux nzima iko ndani. Ukiichomeka, mashine inawaka nayo bila kuharibu kitu cha mwenyewe.

Amisa akamuambia anataka kuonja kila mashine kwanza. Faradji akacheka. "Dada, kompyuta si mawese."

"Mawese mabaya nitatia mu mboga ya sombe. Kompyuta mbaya nitaitia mu nini?"

Duka zima likacheka. Faradji akamupa moja nyembamba, inaonekana kama mupya. Picha nzuri, mutandao hakuna. Amisa akachomoa flashi. Ya pili ikaganda hata kabla ya kuwaka. Nikaanza kuona jembe la Wamaza.

"Na ile?" Amisa akauliza. Ilikuwa nyeusi, nene, kona imevunjika, na termosi ya chai ya Faradji imekaa juu yake.

"Ile? Ile ni ya umri wa bibi yako."

"Basi iko na adabu," nikamujibu. "Ilete."

Ikawaka. Ikashika mutandao wa simu ya Faradji mwenyewe. Amisa akachomeka emprimante, akaandika kitu, tukangoja. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama wa bibi arusi. Karatasi ikatoka polepole, nikaisoma kwa sauti ili kila mutu asikie: "Kesho kibanda kiko wazi. Barua tunachapa, na tunazituma."

Amisa akaikumbatia ile mashine nzee na vumbi lake lote. Faradji akabaki amesimama, termosi mukononi, anatafuta pa kuiweka.