Soksi Nyekundu na Unyayo wa Nyemo

Aibu hii naieleza mwenyewe, kwa sababu nikinyamaza wataieleza wengine, na hao huiongezea mkia na pembe. Mimi ndiye yule yule mnayemjua, niliyeingia Dodoma na mzigo wa mtu mwingine kichwani, sina hata kanzu ya kubadili, na leo ngozi za ng'ombe hazipandi gari la moshi kwenda pwani bila mimi kuzigusa na kuzinusa. Shule sikukaa (herufi nilijifunza kwenye magunia ya watu). Kila nilichonacho nimekipata kwa mikono hii, na mikono hii hii ndiyo iliyoniponza.

Nilikuwa nimemposa Nyemo, mjane kijana wa ng'ambo ya mto, anayekaa kwa mjomba wake Chilewa. Mjomba alisema jibu atalitoa mwezi ukiandama, na alikuwapo mposaji mwingine, Mbeleje, mwenye ng'ombe kunizidi (nasema kweli, ingawa wake wamekonda). Kilikuwa kipupwe, upepo ule wetu wa kupasua midomo, na visigino vya Nyemo vilikuwa vimechanika kwa kukanyaga mchanga wa baridi kila alfajiri akienda kuchota maji. Siku moja akaniambia, kwa utani tu, kwamba amemwona mke wa bwana wa stesheni amevaa soksi za sufu, na yeye angekuwa nazo angelala mpaka jua limpige usoni.

Mtu mwingine angekwenda duka la Mhindi akanunua, yakaisha. Mimi nikajiambia, za kununua hata Mbeleje atanunua. Nitafuma mwenyewe, kwa siri, nizitoe mbele ya mjomba siku ya jibu, wamwone mwanamume. Hapo ndipo nilipopotea.

Mwalimu wangu alikuwa Faraji, mpishi wa huyo bwana wa stesheni, ambaye alikuwa amemtazama mama wa nyumba akifuma mpaka naye akajua. Uzi ulikuwa mwekundu kwa kuwa Mhindi hakuwa na mwingine, na sindano tulizitoa kwenye mwavuli wangu uliovunjika, zile mbavu zake za chuma, tukazikata na kuzinoa kwenye jiwe. Jamani, mimi nimechuna ng'ombe peke yangu kabla chai haijachemka, lakini vile vitanzi! Unashika kimoja, viwili vinatoroka. Ukivuta, uzi unakaza kama shingo ya mbuzi kambani. Ukilegeza, panapita panya. Ya kwanza ilitoka nyembamba juu na pana chini, Faraji akaigeuzageuza akasema, "Tajiri, hii tutachujia pombe." Nikafumua. Nikafuma nyingine, ikatosha watu wawili.

"Umepima mguu wa nani?" akaniuliza.

"Wangu."

"Kwani utavaa wewe? Nenda kapime wa mwenyewe."

Sasa, kumwomba Nyemo mguu ni kuitoa siri. Nikatumia akili (ndivyo nilivyoiita wakati ule). Nyemo huchota maji kwenye kisima cha mchangani, katikati ya mto mkavu, na mchanga wa pale una unyevu, unyayo unakaa kama muhuri. Nikangoja ajitwike kibuyu aondoke, nikapiga magoti, nikalaza kamba juu ya unyayo wake: fundo moja kisiginoni, fundo la pili penye upana, fundo la tatu kwenye kidole gumba.

Najua, wenyeji mmeshajishika vichwa. Hata mimi nimeishi hapa kiasi cha kujua kwamba unyayo wa mtu hauchezewi, na anayeufungia fundo anataka kumfunga mwenye mguu tumbo asizae, au kumkausha. Lakini kichwani mwangu asubuhi ile palikuwa na soksi tu.

"We baba! Unafanya nini na unyayo wa mtoto wa watu?"

Alikuwa mke wa Chilewa, na nyuma yake wanawake wenzake na vibuyu vyao.

Ningesema kweli pale pale, ningerudi nyumbani kunywa uji. Ila mtu kama mimi, niwaambie wanawake kisimani kwamba nafuma? Nikasema, "Napima mchanga. Nataka kuununua."

"Mchanga? Mto mzima huu, ukachagua ule wenye vidole?"

Wakanivua koti. Mfukoni likatoka donge la uzi mwekundu, halafu vyuma vinne vyenye ncha. Na kamba yenye mafundo ilikuwa bado mkononi mwangu. Kusema haki, vitu vile vilipokaa pamoja juu ya mchanga, hata mimi mwenyewe niliogopa.

Tukaenda kwa Chilewa, mimi mbele bila koti, wao nyuma wakipiga yowe, na kila nyumba ya tembe tuliyoipita iliongeza watu. Na nani tukamkuta uani, ametulia na kata yake ya pombe? Mbeleje.

"Apelekwe boma," akasema kabla hajaulizwa. "Huko wana dawa yake, viboko hamsa ishirini."

Boma nilikuwa nikiuza ngozi. Nikajiona nimelazwa chini, kiboko kinahesabiwa, makarani ninaowasalimia kila siku wakichungulia dirishani. Na Nyemo ndiyo basi tena. Nani humpa mchawi mke?

Chilewa akaviinua vile vyuma kimoja kimoja. "Baba, hivi ni vya nini?"

"Vya soksi."

"Soksi za nani?"

"Za Nyemo."

"Anayefuma nani?"

Nikatazama chini. "Mimi, mjomba."

Mbeleje akasema, "Mchawi, na mwongo juu yake."

"Kaa," Chilewa akanionyesha kigoda. "Fuma tuone."

Nikafuma. Tajiri wa ngozi, nimekaa kigodani kama bibi, watu wamenizunguka, vitanzi vinaanguka navifukuza. Mke wa Chilewa akainama karibu kabisa. "Hiki ni cha mguu au cha kuvalisha kibuyu?" Nikaendelea tu, nikiwaza kiboko. Kikatoka kipande cha ukubwa wa kiganja, kimepinda upande.

Nyemo alikuwa ameshatoka ndani. Akakichukua, akakinyoosha, akachungulia upande wa pili kupitia matundu.

"Mjomba, mwacheni," akasema. "Mchawi angefuma vizuri kuliko hivi."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hata Mbeleje alicheka, ingawa pombe ilimwendea puani.

Chilewa alipomaliza kujifuta machozi akahukumu: kamba ichomwe mbele ya wote, nami nilete kondoo mweusi wa kuusafisha unyayo. Nikakubali haraka. Kisha akamgeukia Nyemo. "Na ile posa yake?"

"Jibu nitalitoa zikitimia mbili. Na azifumie hapa hapa uani, tumwone."

Basi kila jioni, nikishafunga duka langu la ngozi, nilikuwa kigodani kwa Chilewa, na waliokuwa wakipita njia ya kisimani wakawa na sababu ya kupita ya uani. Kisigino kilinishinda, nikafumua, nikarudia, nikafumua. Nyemo alikaa kando akipeta ulezi, hakunisaidia hata kitanzi kimoja.

Nilipozimaliza, kipupwe kilikuwa kimekwisha zamani, lilikuwa jua lile la kabla ya mvua, linalopasua mawe. Alizivaa hivyo hivyo siku aliyohamia kwangu. Moja ilimfika karibu na goti, nyingine iliishia kifundoni, jasho linamtiririka, na shangazi yake alipomuuliza kama hazimchomi alijibu zinamchoma sana, akaendelea kutembea.

Mimi tangu hapo sijafuma, na sifumi tena. Nikitaka kumpima mtu mguu, namwendea mchana, mbele ya watu, namwambia: naomba mguu wako.