Mama Kokuhirwa Aliyetufundisha Kupumua

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka damu hunichemka mpaka leo, na ninayemkasirikia kwanza ni mimi mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mpiga chapa katika ofisi moja pale Bukoba mjini. Jina la ofisi sikutajii, halitakusaidia kitu. Kompyuta hatukuzijua siku hizo. Tulikuwa wasichana wanne katika chumba kimoja, kila mmoja na taipu yake nzito ya chuma, na kelele zetu zilisikika hadi barabarani. Mimi nilikuwa na kasi kuliko wenzangu wote. Nilijua hivyo, na nilihakikisha kila mtu anajua.

Msimamizi wetu alikuwa mama mmoja mzaliwa wa Kimwani, kule Muleba. Tulimwita Mama Kokuhirwa. Umri ulikuwa umeshamwendea, amefanya kazi ile tangu ujana wake, lakini alitembea amenyooka kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani na hataki tone limwagike. Kila ilipopita kama saa moja hivi, alipiga meza kwa kiganja na kusema, "Wasichana, simameni!" Hata kama barua ilikuwa katikati, tulisimama. Tulikanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, tukashusha mabega, tukavuta pumzi kwa pua taratibu mpaka tumbo lijae, kisha tukaiachia polepole kuliko tulivyoivuta. Baada ya hapo tulizungusha viganja, tukageuza shingo huku na huku bila kuilazimisha, tukaenda dirishani kutazama ziwa kwa mbali ili macho yapumzike na maandishi. Dakika tatu, labda nne. Halafu tukarudi kazini.

Alitutazama pia tunavyokaa. Chini ya taipu ya msichana mrefu aliweka daftari kuukuu la kumbukumbu ili mashine ipande kidogo. Mimi ni mfupi, unaniona, na miguu yangu ilikuwa inaning'inia. Akanitafutia kibao cha kukanyagia. Wenzangu walicheka siku ile, wala si kwa ubaya, ni kicheko cha wasichana tu. Mimi kikaniuma. Nikawa nakisukuma kile kibao kando kila asubuhi, naye anakirudisha, nami nakisukuma tena.

"Aneth," aliniambia, "unakipiga teke kibao au unajipiga mwenyewe?"

Niliinama juu ya mashine, mabega yakiwa karibu na masikio, nikaendelea kuonyesha kasi yangu.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Ikatokea wiki moja ya kazi nyingi, taarifa ndefu inatakiwa haraka, na mkuu wa ofisi akawa anaingia chumbani kwetu kila mara kubadilisha sentensi na kuuliza tumefika wapi. Akanikuta koridoni mimi peke yangu. Akanisifu. Akasema laiti wote wangekuwa kama mimi. Nami, badala ya kushukuru na kunyamaza, nikafungua mdomo. Nikamwambia, "Tungekuwa tumemaliza, mkuu. Ila Mama Kokuhirwa anatusimamisha kila saa kama watoto wa chekechea, tunapumuapumua tu na kuangalia dirishani."

Maneno hayo niliyasema nikitabasamu, mwanangu. Hilo ndilo linalonichoma.

Alasiri ile mkuu alisimama mlangoni bila kubisha hodi. Mama Kokuhirwa alipopiga meza nasi tukainuka, yule bwana aliingia na kumfokea mbele yetu, mtu mzima aliyelingana na dada yake mkubwa. Alimuuliza kama ofisi inamlipa kwa kupumua. Alisema mwenye usingizi akalale kwake. Baada ya siku mbili Mama akahamishiwa stoo ya majalada, chumba cha nyuma kisicho na dirisha, kimejaa makaratasi ya miaka na miaka na vumbi juu yake. Mimi nikapewa kiti chake.

Alipokuwa akikusanya vitu vyake alisimama karibu yangu. Nilidhani atanitukana. Alinitazama tu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Najua ni wewe. Hicho kiti nacho kitakujua." Akatoka.

Basi nikawa msimamizi. Hakuna aliyesimama tena. Niliona fahari kwamba chumba changu hakinyamazi tangu asubuhi hadi jioni. Mwenzetu mmoja, Leonia, alikuwa mjamzito wa miezi sita, na miguu yake ilikuwa imevimba mpaka viatu havimwingii. Siku moja akaniomba, "Dada Aneth, niruhusu nitembee kidogo hadi uani, miguu inawaka." Nikamwambia amalize kwanza ukurasa. Alipoumaliza nikampa mwingine. Alilia huku anapiga chapa, machozi yakalowesha karatasi, nami nikamkaripia kwa kuharibu karatasi. Wiki ile aliondoka kazini na hakurudi. Alijifungua salama, namshukuru Mungu, lakini mimi sikuwa na mchango wowote katika usalama huo.

Miaka mitatu haikupita, kiti kikanijua kweli. Kwanza kichwa kiliniuma kila jioni, nikasema ni uchovu. Kisha shingo ikakaza, nikitaka kugeuka nageuka mwili mzima. Kisha vidole viwili vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi. Nilimeza vidonge vya maumivu kama karanga na kuendelea na kazi. Asubuhi moja nilishika kikombe cha chai mbele ya wageni wa ofisi, kikaniponyoka bila mimi kuhisi kinaponyoka. Chai yote ikaingia kwenye barua.

Hospitalini daktari alinipima, akaniandikia mapumziko na mazoezi, akanionya juu ya vile vidonge, kisha akaniuliza swali dogo, "Huko kazini huwa mnainuka na kujinyoosha?"

Nilitazama vidole vyangu. Akadhani sijasikia, akauliza tena.

Mapumziko yale sikuyamalizia nyumbani. Nilipanda basi la Muleba, nikatafuta gari lingine la kwenda Kimwani, nikaulizia mpaka nikafika kwa Mama Kokuhirwa. Alikuwa ameshastaafu. Nilimkuta kwenye kibanja chake, chini ya migomba, amekaa kwenye mkeka akipepeta maharage. Mgongo ulikuwa umenyooka vilevile. Nikapiga magoti nikamwamkia kwa Kihaya kama inavyopasa. Aliitikia salamu, lakini hakunikaribisha kukaa.

"Umefuata nini?"

Nikamweleza shingo. Nikamweleza vidole. Nikazunguka weee, kila kitu nikakitaja isipokuwa lile jambo lenyewe. Akaniacha niseme hadi nikaishiwa. Ndipo alipotaka kujibu, na kabla ya neno la kwanza akashikwa na kikohozi. Kilikuwa kikohozi cha kifuani, kirefu, kilichomkunja mpaka ungo ukamtoka mikononi na maharage yakatapakaa. Nilitaka kumshika, akanizuia kwa mkono. Alipopata pumzi macho yake yalikuwa mekundu.

"Unasikia?" akasema. "Hiki ni cha stoo yako. Nimekaa miaka miwili mle ndani nikila vumbi. Mimi niliyewafundisha kuvuta pumzi, ukanipeleka mahali pasipo na pumzi!"

"Nisamehe, mama."

"Usiniharakishe! Ulikuwa na haraka siku zote. Kama mazoezi yangu yalikuchosha, kwa nini hukuniambia mimi? Tulikuwa tunakaa hatua tatu. Ulikosa nini, mdomo? Ukatembea koridoni kunisemea kwa mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kile kiti hata nusu saa! Ulidhani ninacheza? Mama yangu alilima shamba hili mpaka uzeeni, na alinifundisha kila mwisho wa mstari uache jembe, usimame wima, upumue, ubadilishe mkono. Jirani zake walimcheka. Waliomcheka walizeeka wameinama wanatazama vidole vya miguu. Nikawaletea ninyi bure. Bure, Aneth! Ukanipiga nayo usoni."

Nilikuwa nalia, na hakunibembeleza. Alikusanya maharage yake punje kwa punje, nami nikamsaidia kwa mkono wa kushoto. Tulipomaliza akanitazama nilivyokaa, mgongo umepinda, kidevu kimetangulia mbele. Akaguna kwa hasira.

"Sijakusamehe," akasema. "Lakini hiyo shingo haijanikosea kitu. Kaa sawasawa."

Akanikalisha nimeegemea ukuta wa nyumba. Akanishika kidevu akakirudisha nyuma, akanibonyeza mabega yashuke. Akaweka kiganja changu juu ya tumbo langu. "Hewa ifike hapo. Wewe unapumulia kooni kama mtu anayekimbizwa. Nani anakukimbiza? Vuta. Taratibu. Sasa iache itoke yenyewe." Nilijaribu, nikashindwa, akanifokea, nikajaribu tena. Nadhani ilikuwa mara ya kumi ndipo nikahisi kitu katikati ya mabega kinalegea, kitu nilichokibeba muda mrefu mpaka nikadhani ni sehemu ya mwili wangu.

Nilikaa kwake siku tatu. Alinifundisha kuinama kwa kukunja magoti na nyonga ninapookota kitu, na kuinuka huku natoa pumzi. Alinitembeza asubuhi kwenye njia ya shamba bila maongezi, nikisikiliza tu nyayo zinavyotua. Naye alikuwa anasimama kila baada ya hatua chache kukohoa. Alinisisitizia nisiache kwenda hospitali, kwamba kupumua si dawa ya kila kitu na yeyote atakayeniambia hivyo ni mwongo. Neno la msamaha hakulisema siku ninaondoka, wala baadaye. Nilikuwa nikimtembelea kila mwaka, nampelekea sukari na dawa za kifua, anazipokea kwa mikono miwili, ananiuliza habari za shingo. Akafariki hivyo. Sikumdai neno lile. Sikuwa na haki ya kumdai.

Niliporudi kazini nilipiga meza kwa kiganja siku ileile. Wasichana wakanitazama kama nimerukwa na akili. Nikawaambia wasimame. Mkuu alipokuja kufoka, na alikuja, nilibaki nimesimama, nikamwambia kwamba nilimdanganya kuhusu Mama Kokuhirwa, kwamba kazi ile ilichelewa kwa sababu yeye mkuu mwenyewe alikuwa anabadilisha sentensi kila saa. Alinitishia kunipeleka stoo. Nikamwambia anipeleke, na mimi nitatoboa dirisha. Hakunipeleka. Alikuwa amezoea watu wanaonyamaza.

Vidole vyangu vilirudi kwa sehemu kubwa, baada ya miezi mingi. Hiki kidogo bado kina ganzi siku za baridi.

Haya yote nakusimulia leo kwa sababu jana nilipita Bilele, pale Bukoba mjini, kwa mjukuu wangu Alinda, kwenye duka la kutoa kopi na kuchapisha barua anakofanya kazi. Nilimkuta amejikunja mbele ya kompyuta kama kamba wa baharini, na akiacha kompyuta anainamia simu. Pembeni ana pakiti ya vidonge vya maumivu, ana miaka ishirini na minne! Nikamuuliza anasimama saa ngapi. Akaniambia mwenye duka hataki, wateja wakimwona amesimama wanadhani hafanyi kazi. Mwanangu, nilipandwa na hasira mpaka nikamfuata huyo mwenye duka palepale kaunta. Nilimwambia yaliyonipasa kumwambia, na wateja wakasikia. Alinijibu, "Sawa, bibi, nimeelewa." Sijui kama ameelewa. Nitarudi wiki ijayo kumwangalia.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Usikae saa nzima bila kuinuka, uwe ofisini, kwenye cherehani au juu ya pikipiki. Ukikaa, nyayo ziguse chini, na kama hazifiki tafuta kibao, usimwonee haya mtu anayecheka. Simu iinue ifike machoni, usiishushe shingo iifuate. Mabega yakipanda yashushe. Hewa ipeleke tumboni, hasa ukiwa na hasira au haraka, maana hapo ndipo tunapoisahau. Maumivu yakizidi nenda kwa daktari, usiyazibe mdomo kwa vidonge. Na akitokea mtu mzima anayekwambia "simama", simama. Kama una neno naye mwambie yeye, usimpelekee mkubwa wake. Ukipewa usimamizi wa watu, wape nafasi ya kusimama kabla hawajaomba, kwa sababu wengi hawataomba.

Nimekasirika, ndiyo, na wala sikuombi radhi. Sasa inama kidogo nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe kifua kipana na pumzi isiyokatika. Akulindie shingo yako na mikono yako, uwabebe wanao na wajukuu zako bila kuugua. Uzeeke ukiwa wima, uwatazame watu usoni, na kusiwe na hata mmoja kati yao anayekohoa kwa sababu yako. Haya, inuka sasa. Umekaa muda mrefu mno.