Baba wa Vijana Wale

Tulipohamia kijiji cha ujamaa Butiama, nilimbebea mtafiti mmoja mgeni sanduku la sindano za kutolea watu damu na kumtafsiria. Alifuatilia ugonjwa wa kutetemeka uzeeni, unaorithiwa. Hata mimi sikujua damu ile ilipelekwa wapi.

Bibi mmoja, mikono ikimtetemeka, alikuwa ameoa mke kwa ng'ombe zake, kama ilivyo kwetu kwa mwanamke asiyezaa. Vijana wa mke huyo ndio warithi wake.

“Baba yao nani?” mtafiti akauliza.

“Mimi.”

Mtafiti alinitazama kana kwamba nimemtafsiria uongo. “Nani aliyewazaa?”

Bibi akafunika mkono kwa kanga. “Nani kakutuma uwatoe wanangu nyumbani kwangu?”

“Kama si damu yako, bibi, ugonjwa huu hautawapata.”

“Afadhali watetemeke kama mimi,” akasema, akawaita vijana ndani.