Halwa ya Ghanim na Kura za Maalim Thabit

Kule Unguja Thabit alikuwa maalim wa skuli, na hakuwahi kufika sokoni bila ya kuitikia shikamoo ishirini. Baada ya Mapinduzi aliingia Maskati na mkewe Kheiria na mkoba mmoja wa ngozi, akapata kazi ya kuandika barua za Kiingereza kwa tajiri mmoja wa Matrah. Shikamoo zilibaki huko huko Unguja. Mtaani Darsait alikuwa mwandishi wa barua tu, na hilo lilimuuma kwelikweli.

Kitu pekee kilichomliwaza kilikuwa redio ya jirani yake Bakhit. Kila alasiri watu kumi na watatu walikaa barazani kwa Bakhit, na Thabit alitaka jambo moja tu: habari za Kiswahili kutoka ng'ambo. Kiarabu chake kilikuwa cha msikitini. Cha redioni kilimpita mbio. Lakini mwenzao Suud alitaka nyimbo za Kihindi, na kila siku walizozana mpaka Bakhit akachoka.

"Basi pigeni kura kama kwetu zamani," alisema. "Atakayeshinda kati yenu wawili ndiye mshika redio."

Ilikuwa mwaka 1968, na Wamarekani nao walikuwa wakichagua rais. Thabit, kwa kujigamba kidogo, akawaeleza wenzake mambo ya huko. Kuna jumuiya za wahafidhina, alisema, watu wasiotaka mambo ya zamani yaguswe. Wao hawagombei, lakini wanamwaga mapesa kwenye matangazo na vikaratasi kumpigia debe wanayemtaka. Ukiwauliza, wanasema mgombea hakuwatuma.

"Na huyo mgombea husemaje?" aliuliza Ghanim, muuza ndimu kavu aliyechukia nyimbo tangu kuzaliwa.

"Atasema nini? Yeye si hakuomba!"

Kesho yake zikaingia barazani sinia mbili za halwa, bado zina moto. Ghanim akajikohoza.

"Sisi Jumuiya ya Kuhifadhi Heshima ya Baraza hatukuzungumza na Maalim Thabit, wala hatumo. Tunasema tu, nyimbo hazifai. Karibuni."

Jumuiya nzima ilikuwa Ghanim na mkwewe. Thabit angeweza kusema hapo hapo kwamba hataki kusaidiwa. Lakini Ghanim alikuwa amemwita maalim mbele za watu, na halwa ilikuwa na lozi nyingi. Akamega, akamega tena.

Alishinda kwa kura tisa dhidi ya nne. Alivimba kichwa, msiulize. Matokeo ya Marekani yalipokaribia kutangazwa, akanyoosha mkono kuzungusha stesheni, akaukuta mkono wa Ghanim umeshatangulia.

"Iache hapo hapo stesheni ya Misri, maalim. Hao wa Kiswahili wakimaliza habari hutia taarabu. Wataka kutuharibia baraza?"

"Lakini nimechaguliwa mimi, Bwana Ghanim!"

"Naam, na hongera, mabruki. Halwa si ulikula?"

Suud alicheka mpaka akatokwa na machozi. Wengine waliompigia kura walitazama vidole vyao. Thabit, aliyekuwa akisomesha watoto arubaini kwa mkupuo, akaurudisha mkono wake. Akakaa kando ya redio yake, akasikiliza Kiarabu kikipita mbio.

Nyumbani Kheiria alimpokea kanzu kwa hamu.

"Haya, Maalim, Marekani kashinda nani?"

"Sijui," alisema Thabit. "Nnajua nimeshinda mimi tu."